Yatima Wenye Kauli



Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983, humu mkoani Kagera. Yatima wakawa wengi. Mara nyingi walisimamishwa mbele za watu, wakahurumiwa, wakapewa sare, wasiulizwe neno.

Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza ulifuata njia nyingine. Vijana yatima waliunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakajichagulia viongozi miongoni mwao.

Tofauti ndiyo hiyo: aitwaye ili aonekane hurudi alivyokuja, apewaye kura aweza hata kumpinga aliyemwalika. Basi kila Baraza la Wazee lijiulize: ni uamuzi gani uliobadilika kwa kuwa yatima alisema?