Somo la Redio: Mapezi ya Mashua ya Jeti

Wanafunzi wetu wa Lupingu, nanyi nyote mlio katika madarasa ya mwambao wa Ziwa Nyasa, sogeeni karibu na redio. Mwalimu, andika ubaoni maneno matatu: mkuku, pezi, mdomo. Wanafunzi wayasome kwa sauti.

Ninyi mnamjua mbasa. Anapopanda mto Ruhuhu wakati maji yamejaa, mkia ndio unaomsukuma, lakini mapezi ndiyo yanayomzuia asipinduke wala asichukuliwe ubavu. Mashua nayo ni hivyo. Nguvu ya kwenda ni jambo moja. Kushika njia ni jambo jingine.

Mtumbwi wa gogo hauna pezi, lakini ni mrefu na mwembamba, tena tumbo lake limezama, kwa hiyo maji huushika pande zote mbili. Mashua ya mbao ina mkuku, yaani ule mti mrefu unaopita chini katikati, toka omo hata tezi. Upepo wa kusini ukivuma, mkuku husukumana na maji, mashua isiteleze ubavu kwenda kwenye mawe.

Sasa tutazame mashua ya jeti. Hii haina rafadha inayozunguka nje majini. Ndani yake mna bomba lenye mapanga. Chini ya tumbo, karibu na tezi, pana mdomo uliofunikwa kwa fito za chuma. Injini ikizunguka, bomba hunyonya maji kwa mdomo huo na kuyatupa nyuma kwa nguvu kupitia pua nyembamba. Maji yakienda nyuma, mashua huenda mbele. Dereva akigeuza pua, tezi husukumwa upande, na mashua hukata kona.

Aliyeifanya mashua hii ifae ni William Hamilton, mfugaji wa kondoo na fundi wa New Zealand, katika miaka ya 1950. Mito ya kwao ina maji haba na mawe mengi, na rafadha zilikuwa zikivunjika. Mwaka 1960 mashua zake zilipanda mto Colorado kule Marekani, kinyume cha maporomoko. Huku kwetu Afrika, msafara ulioongozwa na John Blashford-Snell ulizitumia katika mto Kongo, uliokuwa ukiitwa Zaire wakati huo, mwaka 1974 hadi 1975.

Tumbo lake tupu ndilo sifa yake, na ndilo taabu yake. Likipita juu ya jiwe, hakuna kinachoning'inia cha kugonga. Lakini dereva akikata kona kwa kasi, tezi huteleza kama mtu anayekimbia juu ya tope. Kwa sababu hiyo mafundi huweka mapezi madogo ya chuma au ya aluminiamu kandokando ya ule mdomo wa kunyonyea.

Mapezi hayo yana kazi mbili. Ya kwanza mmekwisha kuielewa: kushika maji. Ya pili haionekani kwa macho, nami naiona kuwa kubwa zaidi: kuzuia hewa. Mashua ikilala ubavu katika kona, au ikirukaruka juu ya mawimbi, mapovu hupita chini ya tumbo kuelekea mdomoni. Bomba likinyonya mapovu, injini hulia kwa ghafla, lakini msukumo hupotea. Ni kama kutwanga kinu kitupu: kelele nyingi, unga hakuna. Pezi lililowekwa vizuri huwa kama ukuta mdogo, mapovu yakapita kando.

Pezi lililowekwa vibaya hudhuru. Likitangulia mbele ya mdomo, katika njia yenyewe ya maji, huyachana maji na kuyatia mapovu, na bomba hunyonya hayo hayo. Likiwa refu mno, hung'ang'ania maji wakati wa kona. Chini pamekamatwa, juu panaendelea kwenda, na watu humwagwa ziwani. Likiwa limepinda, mashua huvuta upande mmoja siku zote. Dereva wa namna hiyo atazame chini ya mashua kabla ya kulaumu usukani.

Liko jambo ambalo pezi haliwezi kulitibu, na hapa nawaomba msikilize sana. Katika mashua ya jeti, maji yanayotoka puani ndiyo usukani. Mtu anakaribia ufuko, anaona mtumbwi mbele yake wenye mama na watoto. Anashtuka, anafunga mafuta, kisha anazungusha usukani. Anazungusha bure! Mashua inakwenda moja kwa moja, na mapezi yanazidi kuinyoosha. Yampasa aache injini isukume, ageuze kwanza, ndipo apunguze.

Je, mashua hii yafaa kuwabebea wagonjwa wenu? Kwa maoni yangu, katika ziwa lenye kina cha karibu mita 700, pamoja na mizigo mizito, rafadha na mkuku vinafaa zaidi. Nyavu za usipa, kamba na changarawe za ufukweni, vyote vyaweza kunyonywa na ule mdomo. Penye maji haba na mawe, kama mtoni, hapo jeti ina kazi yake.

Sasa kazi ya darasa. Chongeni vibao viwili vyepesi, bapa chini, kila kimoja shibiri moja. Kimoja kitieni mapezi mawili ya bati la kopo upande wa nyuma, yatokeze chini kiasi cha ukucha. Viwekeni kwenye maji yaliyotulia, visukumeni, kisha vipulizeni ubavuni. Tazameni kipi kinateleza. Halafu badilisheni mapezi, yawe marefu kama kidole. Fungeni uzi juu ya kibao, upande wa nyuma, mkivute ubavu kwa ghafla. Andikeni mlichoona, mstari mmoja kwa kila jaribio, na mwalimu asahihishe.

Kwa herini mpaka juma lijalo.