Kumbukumbu za Mgonjwa na Utu Wake



Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii humwonya mgonjwa asiyesema. Leo tunapenda kuuliza swali jingine: mgonjwa akisema yote, na kompyuta ya hospitali ikakosa mahali pa kuyaweka, ni nani aliyeficha maradhi?

Tuchukue mfano. Mama mmoja anafika zahanati, anaeleza kwamba kichwa kinamwuma na usingizi hapati tangu mumewe alipoanza kumpiga. Tabibu anatazama kompyuta, anachagua "maumivu ya kichwa", anachagua dawa, anamwita mwingine. Mwezi unaofuata mama yule anapokewa na tabibu wa zamu nyingine, asiyeikuta habari ya kipigo kwa kuwa haikuandikwa. Anampa vidonge vilevile. Hakuna aliyesema uongo, lakini ukweli umepotea.

Tusikimbilie hata hivyo kuilaani kompyuta. Wengi wetu tunayakumbuka madaftari tuliyoyabeba kwenda kutibiwa: yalilowa mvua, yalipotea, na pengine mwandiko wake ulisomeka kwa aliyeuandika tu. Mgonjwa mwenye mzio wa penisilini hasaidiwi na sentensi iliyojificha katika ukurasa wa saba. Anahitaji onyo lililowekwa mahali panapojulikana, lisomwe kabla ya sindano. Uzito wa mtoto, kipimo cha dawa, tarehe ya chanjo: hayo yanadai kisanduku chake. Tena, visanduku vikijumlishwa ndivyo vinavyoonyesha mahali kipindupindu kilipozuka na mahali dawa zilipopungua. Asiyehesabiwa husahauliwa wakati wa mgawo. Wala jambo hili si la mataifa tajiri tu: kule Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kituo cha afya cha kijijini kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta mwaka 2001.

Je, tuchague kimoja? Hapana. Mwaka 1968 daktari Mmarekani, Lawrence Weed, alichapisha mafundisho yake juu ya kumbukumbu za wagonjwa. Alitaka matatizo ya mgonjwa yaorodheshwe, na kila moja liandikwe kwa utaratibu: kwanza maneno ya mgonjwa mwenyewe, kisha aliyoyaona na kuyapima tabibu, kisha maoni yake, mwisho mpango wa matibabu. Daktari huyohuyo alikuwa miongoni mwa watangulizi wa kuziingiza kumbukumbu hizo katika kompyuta. Tazameni basi: aliyedai utaratibu ndiye aliyeyatanguliza maneno ya mgonjwa.

Hatuna budi, kwa hiyo, kutenda mambo manne.

Kwanza, wajumbe wa kamati za afya waulize mapema, kabla mfumo haujanunuliwa: je, ipo nafasi ya maelezo, na tabibu anayefuata ataiona kwa urahisi?

Pili, tabibu apewe muda. Mwenye foleni iliyofika hadi barazani atabonyeza kilicho karibu, na kumlaumu yeye peke yake si haki. Naye ajue kwamba maelezo mafupi yaliyo ya kweli ni bora. Kunakili maelezo ya jana, ukurasa kwa ukurasa, huficha neno muhimu sawasawa na kisanduku.

Tatu, mgonjwa asomewe yaliyoandikwa juu yake, apate kusahihisha.

Nne, siri itunzwe. Simulizi hubeba hatari kuliko namba. Habari ya yule mama ikivuja hadi kwa mumewe, tutakuwa tumemwongezea kipigo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Basi tuulize ni nani anayeruhusiwa kuzifungua, na kama kila mtumishi ana neno lake la siri, au wote wanatumia moja lililobandikwa ukutani.

Ndugu zangu, mama yule hakuficha maradhi yake. Aliyasema, tena kwa uchungu. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba aliyoyasema yanaandikwa, yanasomwa na anayemtibu, wala hayatoki nje ya chumba kile.