Maua ya Uani na Mavuno ya Jirani

Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Tegeta



Tegeta ya leo si mashamba tena. Chini ya Kilima cha Wazo, ambako saruji imezalishwa tangu mwaka 1966, nyumba zimejaa hadi Boko na Bunju, na nyua nyingi zimetandikwa matofali ya saruji toka langoni hadi ukutani. Hata hivyo wapo wanachama wengi ambao kipande cha ardhi kilichobaki nyuma ya nyumba huwapatia mboga na fedha kidogo. Malalamiko yao yanafahamika: mboga hutoa maua kwa wingi, kisha maboga machanga hugeuka manjano, huoza na kudondoka.

Wengi hudhani ni ugonjwa, wakanunua dawa. Mara nyingi sababu ni nyingine. Mkulima wa mchicha hahitaji nyuki ili avune majani yake. Lakini boga, tango na tikiti hutoa ua dume na ua jike mbalimbali. Ua jike hutambulikana kwa kitunda kidogo kilicho chini yake. Chavua ya boga ni nzito na yenye kunata, haipeperushwi na upepo. Sharti ichukuliwe na mdudu. Tena ua lenyewe hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri. Basi anayepiga dawa saa mbili asubuhi, akidhani anawahi jua kali, humuua mhudumu wake akiwa kazini.

Pesheni ya manjano, inayostahimili joto la pwani, ina saa zake. Ua lake hufunguka mchana, nalo huhitaji chavua ya mche mwingine. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Anayeiweza ni yule nyuki mkubwa mweusi mwenye mvumo mzito, atoboaye boriti, ambaye watu humfukuza kwa ufagio. Gogo kavu likiachwa pembeni mwa bustani, huenda akalitoboa hilo na kuiacha paa.

Si lazima mwanachama aweke mzinga. Nyuki wa asali wa nchi hizi ni wakali, na mzinga kati ya nyumba zilizobanana ni hatari kwa watoto na mifugo. Nyuki husafiri kilomita mbili tatu kutafuta chakula. Kinachotakiwa ni akute kitu. Kivumbasi na mrehani viachwe vitoe maua badala ya kukatwa kila mara. Mbaazi ipandwe kando ya ua, na alizeti kwa zamu, mbegu chache kila majuma matatu, ili pasiwe na mwezi mtupu. Mnazi ni akiba kubwa, kwani hutoa maua mwaka mzima. Katika maua ya urembo, yafaa yale yenye safu moja ya petali. Yaliyosongamana petali nyingi mara nyingi humnyima mdudu njia. Wanaojivunia bogenvilia wajue kwamba ile rangi ni ya majani tu. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe katikati.

Kipepeo naye ana sharti gumu zaidi: anayemtaka akubali majani yake kuliwa. Kiwavi mchanga anayefanana na kinyesi cha ndege juu ya jani la mchungwa au mlimau, ambaye baadaye hugeuka kijani, ndiye yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Mti mkubwa humvumilia. Mche mdogo humalizwa, hivyo viwavi wahamishwe kwa mkono. Kule Gede, nchini Kenya, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke walianza mwaka 1993 kufuga vipepeo ili kuuza pupa ng'ambo, na kila aina ya kipepeo ilidai mmea wake wa kulisha viwavi.

Maji nayo yahitajika wakati wa kiangazi. Sahani yenye kokoto yatosha, ili nyuki wasimame wasizame. Yabadilishwe kila siku, maana jiji hili lilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana katika maji safi yaliyotuama.

Limebaki suala la dawa, nalo ndilo lililoletwa mbele ya vyama. Mwanachama mmoja anaweza kupanda kila ua lililotajwa hapa, lakini nyuki hajui mpaka wa kiwanja. Jirani akipuliza mchana, bustani zote mbili hukosa matunda. Dawa ya unga ni mbaya kupita ya maji, kwa kuwa hunata katika manyoya ya nyuki na kubebwa hadi mzingani pamoja na chavua. Kwa hiyo yapendekezwa kila chama kiamue katika mkutano wake: dawa ipulizwe baada ya jua kuzama tu, mmea ulio katika maua usipulizwe bila sababu kubwa, na unga usitumike kabisa bustanini. Katibu afungue ukurasa katika daftari la chama, aandike jina la dawa, tarehe na saa, na majirani wa mwanachama huyo wajulishwe siku moja kabla.