Antibiotiki: Maudhi Yanayopita na Madhara Yanayobaki

Mada ya elimu ya afya kwa wananchi



Katika mitaa mingi ya Tandika, Buza, Mbagala na Chamazi, duka la dawa liko karibu kuliko zahanati. Mkazi mwenye homa, kikohozi au maumivu wakati wa kukojoa huanzia hapo. Hueleza anavyojisikia, na si mara chache huondoka na antibiotiki mkononi bila kupimwa. Dawa hizo ni neema. Nimonia, kifua kikuu na vidonda vilivyooza viliua watu wengi kabla hazijapatikana. Hata hivyo, baadhi yake zinaweza kumwachia mtumiaji ulemavu wa kudumu, na kila mtumiaji ana haki ya kulijua hilo kabla ya kumeza kidonge au kuchomwa sindano.

Ni vema kutenganisha mambo mawili. Maudhi ya dawa ni kama kichefuchefu, kuharisha kidogo au ladha mbaya mdomoni, na kwa kawaida huisha dozi inapokwisha. Madhara makubwa ni yale yanayoendelea hata baada ya dawa kuachwa: sikio lisilosikia tena, miguu yenye ganzi, kano iliyokatika. Hayo huwapata wachache miongoni mwa wengi wanaopona. Lakini kwa yule aliyepatwa, uchache huo si faraja.

Mfano ulio wazi zaidi hapa nchini unatoka katika tiba ya kifua kikuu. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibiotiki iliyoweza kutibu ugonjwa huo, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Haikuchukua miaka mingi madaktari wakaona kwamba baadhi ya waliopona kifua walipata kizunguzungu, na wengine walipoteza usikivu. Dawa za ukoo huo, zikiwemo kanamaisini, amikasini na jentamaisini, hupenya hadi kwenye sikio la ndani na kuua chembe ndogo zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Kwa binadamu, chembe hizo zikifa hazioti tena. Sauti nyembamba hupotea kwanza, kwa hiyo mgonjwa huweza kuendelea kuzungumza na wenzake bila kujua kwamba usikivu wake umeanza kuondoka. Dawa hizo zinaweza pia kudhuru figo, na mwenye figo dhaifu yumo katika hatari zaidi.

Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha mkoani Kilimanjaro, ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, na wagonjwa kutoka Dar es Salaam walisafiri hadi huko kwa ajili ya tiba hiyo. Katika miaka hiyo, tiba ilihitaji sindano za kanamaisini kwa miezi kadhaa, pamoja na vidonge kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Uchaguzi ulikuwa mgumu: bila tiba, ugonjwa ungeua, pamoja na tiba, masikio yalikuwa hatarini. Dereva wa bodaboda asiyesikia honi nyuma yake, au mama asiyesikia mtoto akilia chumba cha pili, anajua bei ya uchaguzi huo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini na kapreomaisini zisiendelee kutumika kutibu kifua kikuu sugu, na tiba ya vidonge pekee ikachukua nafasi yake. Vidonge hivyo navyo huhitaji uangalizi. Linezolidi, mojawapo ya dawa hizo, inaweza kuleta ganzi miguuni na kufifisha macho, ndiyo maana mgonjwa hupangiwa tarehe za kurudi kliniki kupimwa.

Kundi la pili ni lile la siprofloksasini, ambayo wengi huiita Sipro, pamoja na levofloksasini na ndugu zake. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza pakiti za dawa hizo ziwekewe onyo kali kuhusu kuvimba na kukatika kwa kano, hasa ile ya nyuma ya kisigino. Baadaye yaliongezwa maonyo kuhusu mishipa ya fahamu, yaani ganzi na hali ya kuungua au kuchomwachomwa, na kuhusu kupasuka kwa mshipa mkuu wa damu. Mwaka 2016 mamlaka hiyo ilishauri zisitumike kwa UTI ya kawaida wala maambukizi mepesi ya kifua pale ambapo ipo dawa nyingine inayofaa. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo ziliweka masharti ya namna hiyo mwaka 2019. Walio katika hatari zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60, wenye matatizo ya figo na wanaotumia dawa za steroidi.

Onyo hilo linagusa maisha ya mitaani moja kwa moja. Mtu aliyeambiwa ana UTI au taifodi kwa kubahatisha, akanunua Sipro mara tatu au nne kwa mwaka, amejiweka kwenye hatari mara zote hizo, pengine kwa ugonjwa ambao hakuwa nao. Pia huwafunza vimelea kuizoea dawa, na usugu huo huenea kwa jirani ambaye hakuwahi kununua hata kidonge kimoja.

Ndugu wananchi, hakuna sababu ya kuziogopa antibiotiki zinapohitajika. Mtoto mchanga mwenye maambukizi makali anaweza kuokolewa na jentamaisini, na mgonjwa wa kifua kikuu sugu anaweza kuihitaji levofloksasini. Kinachotakiwa ni utaratibu. Kwanza, mgonjwa apimwe, na antibiotiki itolewe kwa cheti. Pili, aulize jina la dawa na aliandike; kusema "nilipewa vile vya rangi mbili" hakumsaidii daktari wa kesho. Kuuliza si ujinga. Tatu, amweleze mtoa huduma kama ni mjamzito, ana tatizo la figo, ameanza kusikia vibaya, au aliwahi kudhurika na dawa.

Nne, azijue dalili za hatari: mlio masikioni, kusikia kwa shida, kizunguzungu, maumivu ya kisigino au bega, ganzi, macho kufifia, malengelenge ya ngozi. Zikitokea, arudi kituoni siku hiyohiyo na pakiti ya dawa mkononi. Anayetumia dawa za kifua kikuu asiziache kwa uamuzi wake. Aende kliniki haraka ili daktari apunguze dozi au abadilishe dawa. Kuwahi ndiko kunakookoa usikivu uliobaki.

Tano, madhara yaripotiwe. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hupokea taarifa kutoka kwa watumishi wa afya na kwa wagonjwa wenyewe, na mtumishi wa zahanati anaweza kumsaidia mgonjwa kujaza fomu. Maonyo yaliyotajwa hapa yalitokana na taarifa za namna hiyo: wagonjwa walisema, wahudumu wakaandika, na mamlaka zikachukua hatua. Mkazi wa Yombo anayenyamaza na ganzi yake humnyima jirani onyo ambalo angelihitaji.