Kipaji ni Dhamana: Maisha ya Mzee Pablo Casals

(Hotuba kwa wanakwaya, vijana na wazazi, Siku ya Muziki ya parokia)



 Nimeombwa niseme juu ya vipaji. Badala ya kuwapa mashauri matupu, nitawasimulia habari za mtu mmoja.

Pablo Casals alizaliwa tarehe 29 Desemba 1876 huko El Vendrell, mji mdogo wa Catalonia, Uhispania. Baba yake alipiga kinanda kanisani na kufundisha kwaya. Mali hawakuwa nayo. Siku moja walipita wanamuziki wa kutembeatembea, na mmoja wao alikuwa akipiga mti wa ufagio uliofungwa uzi. Mtoto akaitamani sana ala ile. Akatengenezewa yake, na mnajua ilikuwa ya nini? Kibuyu! Kibuyu kama hiki chetu cha maziwa. Basi asije mtu hapa akaniambia kwaya imeshindwa kwa kukosa vyombo.

Alipokuwa na miaka 11 alisikia chelo ya kweli. Chelo ni kama fidla, ila ni kubwa. Mpigaji huketi akaishika katikati ya magoti. Baba alisema muziki haulishi mtu, afadhali kijana ajifunze useremala. Mama akakataa katakata. Walibishana sana, kama mnavyobishana nyinyi wazazi mlioketi hapa! Mwishowe mama akampeleka mtoto Barcelona kusoma. Jioni kijana alipiga muziki mkahawani apate senti za kujikimu. Akiwa na miaka 13, katika duka la vitabu vikuukuu, alikuta mafungu sita ya muziki wa chelo yaliyotungwa na Bach. Aliyafanyia mazoezi miaka 12 ndipo akathubutu kupiga fungu moja mbele ya watu. Miaka 12! Na sisi tunafanya mazoezi Jumamosi jioni, Jumapili twataka makofi.

Jina lake likavuma Ulaya na Marekani, na pesa zikaja. Alizifanyia nini? Mwaka 1920 alianzisha okestra Barcelona, na hasara yake akaibeba mfukoni mwake. Kisha akaona kwamba wafanyakazi wa kawaida hawamudu kiingilio. Mwaka 1926 kikaanzishwa chama cha wafanyakazi cha kusikiliza muziki, kwa ada ndogo, nao wakakiendesha wenyewe. Hayo ndiyo maendeleo tunayoyasema kila siku. Mtu apewe nafasi, ashike usukani mwenyewe.

Halafu vita vikaja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Uhispania mwaka 1936. Mwaka 1939 Jenerali Franco alishinda, na watu karibu nusu milioni wakakimbilia Ufaransa, wengi kwa miguu. Wengi walifungiwa makambini, wengine kwenye mchanga wa pwani wakati wa baridi. Casals, naye mkimbizi, alikaa Prades, mji mdogo karibu na mpaka. Aliandika barua nyingi kwa rafiki zake wa nchi za nje akiwaombea wakimbizi chakula, nguo na pesa. Wajerumani walipomtaka aende akapige Berlin, alikataa.

Vita Kuu ilipokwisha mwaka 1945, alitumaini kwamba mataifa yaliyoshinda yangemwondoa Franco. Hayakumwondoa. Ndipo Casals akaacha kupiga hadharani. Fikirini, ndugu zangu: bingwa wa chelo duniani anauweka upinde chini! Bunduki hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kipaji, na kukinyamazisha kukawa ndiyo sauti yake. Mwaka 1950, ilipotimia miaka 200 tangu Bach afariki, wanamuziki wa nchi nyingi walimfuata huko huko Prades wakapiga naye kanisani. Tangu 1962 alizunguka dunia na utungo wake wa Hori la Bethlehemu, akiombea amani.

Alifariki tarehe 22 Oktoba 1973 huko Puerto Rico, akiwa na miaka 96. Franco alikufa mwaka 1975. Kwa hiyo mzee hakupata kurudi kuishi kwao. Ni mwili wake uliorudishwa El Vendrell mwaka 1979. Msimamo una gharama, na wakati mwingine anayepanda siye anayevuna.

Sasa nawauliza vijana: sauti zenu ni za nani? Wakimbizi sisi twawajua. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, Kakuma mwaka 1992. Hata hapa parokiani wamo watu waliofukuzwa makwao, na wanakaa viti vya nyuma. Naomba kila kwaya ichague jambo moja kabla ya Krismasi: kuimba kwa ajili ya watu hao, au kuwakaribisha waimbe nasi. Na wewe mzazi, mwanao akikuletea kibuyu chenye nyuzi, usikitupe jalalani.