Benchi la Mabibi wa Harare

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo wa kata)



Leo sitasema juu ya mbolea. Nataka tuzungumze juu ya maradhi ya kuwaza mno, na jinsi serikali inavyopata kujua tiba ipi ya kuigharimia.

Nianze na kosa langu. Mwaka jana mama mmoja wa darasa letu aliacha kuja. Nikaandika "mtoro" katika daftari la mahudhurio. Baadaye nikaambiwa halali, hali, anakaa jikoni gizani analia. Wengine walisema amerogwa. Hakuna aliyesema anaumwa. Hata mimi niliyepita chuo cha ualimu sikusema.

Wataalamu wanayaita maradhi hayo sonona. Wenzetu Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza mno.

Huko Harare yuko daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda. Mwaka 2005 mgonjwa wake, msichana, alijiua. Mama yake alieleza kwamba walikosa nauli ya basi ya kwenda kwa daktari. Nauli tu, ndugu zangu! Basi mwaka 2006 daktari akaanza kazi na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare. Zahanati haikuwa na chumba cha kuwapa, wakakaa nje kwenye benchi. Yeye aliliita Benchi la Afya ya Akili. Mabibi wakakataa: nani atakubali kuonwa amekaa hapo? Likaitwa Benchi la Urafiki. Hapo daktari alifundishwa.

Kazi ya bibi ni kusikiliza, kisha kumsaidia mgonjwa achague tatizo moja kati ya mengi na atafute njia ya kulipunguza.

Sasa, kusema "inasaidia" hakutoshi. Fedha za serikali ni kidogo, na kila mtu husifu dawa yake. Mnalikumbuka shamba la majaribio la bwana shamba: matuta haya mbegu mpya, yale mbegu ya zamani, udongo mmoja, mvua moja. Nao walifanya vivyo hivyo. Zahanati 24 za Harare ziligawanywa kwa bahati nasibu. 12 zikapata benchi, 12 zikaendelea na huduma ya kawaida iliyoongezwa kidogo. Kwa nini bahati nasibu? Kwa sababu mtu akichagua mwenyewe atazipa benchi zile zahanati nzuri, halafu ajisifu.

Wagonjwa walikuwa 573. Baada ya miezi 6 waliulizwa maswali tena. Penye benchi, katika kila watu 100, kama 14 walikuwa bado na dalili za sonona. Pasipo benchi, kama 50. Angalieni hapo: hata pasipo benchi nusu hawakuwa na dalili. Bila kulinganisha, mabibi wangesifiwa hata kwa hao! Matokeo yalitangazwa Desemba 2016. Benchi likaenezwa Harare, Chitungwiza na Gweru, hata likafika Malawi na Zanzibar.

Lakini Harare ni mji, sisi tuko shamba. Huku bibi anamjua kila mtu, na pengine wengine wataogopa kumpa siri zao. Hilo lijaribiwe huku huku. Nimeandika barua kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hesabu hizi nimezitia ndani.

Yule mama nimemfutia utoro. Sasa anaonana na mganga wa zahanati kila wiki mbili.