Fedha na Alama Yake

Somo la leo ni fedha, nanyi mlioko darasani Kidichi mtaona kuwa habari hii inafika mpaka kwenu.

Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa vitu viwili: madini meupe yang'aayo, na pesa za kununulia. Sababu ni kwamba zamani pesa zilifanywa kwa madini hayo.

Wagiriki walipiga chapa sarafu za fedha zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Sarafu kubwa ya mji wa Athens ilikuwa na uzito wa gramu 17 hivi, nayo ilikuwa drakhma nne. Upande wa pili ilikuwa na picha ya bundi, basi watu wakaiita "bundi". Neno hilo drakhma liliingia katika Kiarabu likawa dirhamu.

Wajanja walitia shaba ndani na kuifunika kwa fedha. Kwa hiyo, katika mwaka wa 375 hivi kabla ya Nabii Isa, sheria ya Athens iliweka mkaguzi sokoni. Mkaguzi huyo alikuwa mtumwa wa serikali. Sarafu mbaya aliikata papo hapo. Sarafu nzuri aliirudisha, na mchuuzi aliyeikataa alinyang'anywa bidhaa zake zote za siku ile.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka wa 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000. Nyingi zina majina ya watawala wa pwani yetu wa miaka elfu hivi iliyopita.

Sayyid Said alipojenga hamamu ya Kidichi mwaka wa 1850, karafuu ziliuzwa kwa reale, sarafu za fedha za ng'ambo. Moja, ya Hispania, ilikuwa na picha ya nguzo mbili. Watu waliziona kama mizinga, wakaiita reale ya mzinga. Nyingine, ya Austria, ilikuwa na picha ya Malkia Maria Theresa na mwaka 1780. Malkia alikufa mwaka huo, lakini sarafu iliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ile ile, kwa kuwa wafanyabiashara walikwisha kuizoea.

Kuna jambo ambalo picha hizo hazisemi. Fedha ya Athens ilichimbwa na watumwa huko Laurion. Karafuu za Unguja, siku za Sayyid Said, zilichumwa na watumwa. Reale zilikwenda kwa mwenye shamba.

Shilingi ya leo haina fedha ndani yake. Thamani yake ni ahadi ya serikali, nayo imeandikwa. Zamani mtu alihitaji mizani. Leo anahitaji kusoma.

Kazi ya darasa: Kila mmoja atoe sarafu moja. Asome nani ameitoa, ni shilingi ngapi, na ya mwaka gani. Kisha aandike majibu daftarini.

Kwaherini.